Muuguzi Mpya Anayejiona Hafai: Nini Hukumu Yake na Nini Wajibu wa Wazazi?





Mama mmoja wa Pemba ametuuliza kuhusu binti yake. Binti amemaliza diploma ya uuguzi na ukunga, amepata leseni, na sasa ana miezi minne wodini katika hospitali moja mkoani Tanga. Kila akipiga simu analia. Anasema aliyoyasoma hayaoni kazini: wagonjwa ni wengi, vifaa ni haba, na wakubwa zake wanamkaripia mbele za watu. Juzi mgonjwa amefariki katika zamu yake ya usiku, na tangu siku hiyo anajiuliza kama yeye ndiye sababu. Mama anataka kujua: binti ana dhambi? Na je, amrudishe nyumbani?

Tuanze na kifo, kwani hilo ndilo linalomnyima usingizi. Katika Hadiyth aliyoipokea Abu Daawuud, Mtume (swalla Allaahu ‘alayhi wa aalihi wa sallam) ametufundisha kuwa anayejitia utabibu na ilhali hajulikani kwa utabibu, huyo anabeba dhima. ‘Ulamaa wakafahamu upande wa pili wake: mjuzi aliyeruhusiwa, akaifanya kazi kama inavyotakiwa, hakuvuka mpaka wala hakuzembea, hana dhima mgonjwa akifariki. Ibn al-Qayyim katika Zaad al-Ma‘aad amewagawa matabibu mafungu matano, na fungu la kwanza ndilo hili. Ama mjuzi ambaye mkono wake umeteleza, fidia inaweza kuwepo, lakini kosa lisilokusudiwa na lisilotokana na uzembe halimfanyi mtu kuwa mwenye dhambi.

Basi binti ajiulize: nilimpima mgonjwa kwa wakati? Nilimwita daktari hali ilipobadilika? Niliandika kwenye faili? Ikiwa ni ndiyo, huzuni iliyobaki moyoni ni rehema, wala si ushahidi dhidi yake. Na ikiwa kuna kosa, kwa mfano dawa imezidi kipimo, basi wajibu wake ni kumweleza msimamizi wa wodi saa ile ile na kuliandika. Kuficha ndiko kunakoingia katika khiyana, kwa sababu huenda mgonjwa bado angeweza kuokolewa. Vijana wengi huficha kwa kuogopa karipio, na mkubwa anayekaripia hovyo ajue kuwa naye ana fungu lake katika ufichaji huo.

Baada ya hapo aache kusema “lau ningefanya hivi”. Tumekatazwa hilo katika Hadiyth iliyomo kwa Muslim, nayo hiyo hiyo imetuamrisha kwanza tufanye pupa katika lenye kutufaa. Kwa hiyo tukio alitoe funzo kwa kuuliza waliomtangulia, asilitafune peke yake usiku kucha.

Kuhusu kujiona hafai, watu hudhani hiyo ni dalili ya imani dhaifu. Nabii Muusaa (‘alayhis-salaam) alipotumwa kwa Fir‘awn alisema wazi kuwa kifua chake kinabana na ulimi wake si mwepesi, akaomba ndugu yake Haaruun awe msaidizi. Hakulaumiwa, bali alipewa alichoomba. Basi muuguzi mpya anayemwambia mwenzake “hili sijawahi kulifanya, nisimamie” hajafedheheka. Fedheha ni kuchoma sindano usiyoijua.

Na wenye fani yao wameliandika jambo hili zamani. Mmarekani Marlene Kramer alitoa kitabu mwaka 1974 kuhusu mshtuko wanaoupata wauguzi wapya wanapokuta kazi haifanani na walichofunzwa chuoni. Patricia Benner naye mwaka 1984 alieleza ngazi 5 za muuguzi, na akaona kuwa umahiri wa kawaida huja baada ya miaka 2 hadi 3 katika kazi ya aina moja. Binti yetu ana miezi minne! Anajipima kwa kipimo cha waliokaa wodini miaka kumi.

Sasa nyinyi wazazi. Mtume (swalla Allaahu ‘alayhi wa aalihi wa sallam) aliporudi kutoka Hiraa akitetemeka, Mama Khadiyjah (Radhiya Allaahu ‘anhaa) alimfunika kwanza. Kisha, alipomhofia nafsi yake, akamtajia mema anayoyajua kwake mwenyewe: anaunga udugu, anakirimu wageni, anawasaidia wanyonge. Halafu akampeleka kwa mwenye elimu, Waraqah. Mama ukipigiwa simu, usianze na “nilikwambia usiende bara”. Msikilize, kisha mtajie unayoyajua kwake.

Wengine wataanza kusema ni kijicho, apelekwe kwa mganga. Kumsomea Qur-aan ni kheri, lakini kwa waganga wapiga ramli haifai kabisa. Na ikiwa halali, hali, au anataja kutamani kufa, aonane na daktari upesi bila ya kuona haya. Hayo ni maradhi kama maradhi mengine.

Kumrudisha nyumbani? Sioni hivyo kwa sasa. Tunalalamika visiwani kuwa wake zetu wanazalishwa na wanaume, kisha binti akilia mara mbili tunamtoa wodini. Rufaydah al-Aslamiyyah (Radhiya Allaahu ‘anhaa) aliwekewa hema Msikitini Madiynah, akamuuguza humo Sa‘d bin Mu‘aadh baada ya vita vya Khandaq. Sa‘d alifariki kwa jeraha lile, na hatujui yeyote aliyemlaumu Rufaydah.

Afadhali wewe mama upande meli, uvuke hadi Tanga, ukae naye wiki moja umpikie. Na kama anaishi peke yake chumba cha kupanga, mtafutieni jamaa wa kukaa nao. Wapemba Ngamiani hawakosekani. Akitoka zamu ya usiku akute uji wa moto na mtu wa kumuuliza: leo ilikuwaje?

Wa Allaahu A‘lam.