Siri ya magari makuukuu ya dizeli kudumu Meru na Embu

YAPO magari katika vilima vya Nyambene na miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya yenye umri mkubwa kuliko madereva wanaoyaendesha. Ni Land Rover zilizobambuka rangi, pikapu za Peugeot 504, na Toyota Hilux na Land Cruiser za miaka ya themanini na tisini. Mengi hutumia dizeli, na wenyewe hawana haraka ya kuyauza.

Mgeni huenda akadhani kwamba ni ufukara au ukaidi unaowafanya wamiliki hao kung'ang'ania vyuma vikuukuu. Mapenzi yapo, tena makubwa, lakini yana msingi. Magari hayo hupita palipowashinda mengine, na yakiharibika hutengenezeka kwa spana na nyundo. Swali lililopo sasa ni iwapo yataendelea kudumu bila kuwadhuru wanaoishi kando ya barabara zinakopita.

Sababu ya kwanza ni ardhi yenyewe. Barabara kuu ya kutoka Embu kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu hadi mjini Meru ina lami, lakini mashamba ya majani chai, kahawa na miraa yako mbali nayo. Mvua za Machi hadi Mei na zile za Oktoba hadi Desemba zikinyesha, udongo mwekundu wa miteremkoni huteleza kama sabuni.

Katika sehemu za Igembe na Tigania, miraa haisubiri jua likaushe njia. Nguvu ya majani hayo hupungua siku chache tu baada ya kuchunwa, kwa hivyo mzigo sharti utoke shambani na kufika sokoni upesi. Huko Chogoria, ambako sasa ni Kaunti ya Tharaka-Nithi lakini palikuwa sehemu ya Wilaya ya Meru hadi 1992, wakwea mlima hubebwa kwa magari ya aina hiyo kupitia msituni kwa takriban kilomita 30 hadi kwenye lango la mbuga.

Sababu ya pili ni historia. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa hadharani Amsterdam mnamo Aprili 1948, na ilipofika 1957 mteja aliweza kuinunua ikiwa na injini ya dizeli. Baadaye magari hayo yaliunganishwa Thika katika kiwanda cha Leyland Kenya kilichoanzishwa miaka ya sabini, nayo Peugeot 504 ikaunganishwa Mombasa. Serikali, mashirika ya misheni na wakulima waliyanunua, na yalipochakaa yakauzwa kwa raia. Hivyo ndivyo mafundi wa jua kali walivyoyazoea hadi wakayajua kwa kupapasa.

Mapenzi haya hayaishii Kenya. Mnamo Oktoba 2024, zaidi ya Land Rover 1,000 zilikusanyika Arusha, Tanzania, katika tamasha la wapenzi wa magari hayo. Huko Solihull, Uingereza, utengenezaji wa Defender ya zamani ulikuwa umekoma tangu Januari 2016.

Ili kuelewa kinachoyadumisha magari haya, ni vyema kuitazama injini. Mjerumani Rudolf Diesel, aliyefanikiwa kuunda mtambo wake wa kwanza wa kutegemewa mnamo 1897, aliondoa cheche za plagi. Hewa hubanwa ndani ya silinda hadi ikawa moto wa zaidi ya nyuzi 500 za Selsiasi. Dizeli ikinyunyizwa humo, hulipuka yenyewe.

Katika injini za kale, pampu inayosukuma dizeli huendeshwa na mtambo wenyewe wala si kwa kompyuta. Umeme huhitajika kuzipasha moto hita asubuhi na kuzungusha starta. Baada ya hapo, nyingi huendelea kunguruma hata betri ikifa. Ndiyo maana gari husukumwa likawaka, na likavuka kijito bila maji kuzima cheche ambayo haipo.

Land Rover ya Series III, iliyotengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, ni mfano mwema. Injini yake ya dizeli ya sentimita mchemraba 2,286 ina nguvu za farasi 62 tu, na mlimani hujikongoja. Hata hivyo, bodi yake ni ya aloi ya alumini isiyoota kutu, na springi zake za vyuma bapa zikivunjika hubadilishwa katika gereji ya kijijini. Kinachooza ni chesisi, ambayo ni ya chuma, nayo huchomelewa.

Lakini uimara huo una mipaka. Pampu na nozeli ndizo moyo wa mtambo, na sehemu zake hupishana kwa nafasi finyu kuliko unywele. Katika pampu nyingi za magari madogo, kinachozilainisha ni dizeli yenyewe. Mafuta yakichanganywa na maji au mafuta taa, vyuma husagana na nguvu ya kunyunyiza hupotea.

Kuchanganya mafuta kulishamiri nchini kwa sababu mafuta taa yalitozwa ushuru mdogo kuliko dizeli. Ndipo mnamo Septemba 2018 serikali ikaanza kutoza Sh18 kwa kila lita ya mafuta taa ili kuondoa faida ya wadanganyifu. Mwenye gari la kale bado anashauriwa kununua dizeli kwenye kituo anachokiamini, kumwaga maji yanayotuama chini ya chujio, na kubadilisha chujio hilo kabla halijaziba.

Jambo zito zaidi ni moshi. Mnamo 2012, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliorodhesha moshi wa dizeli miongoni mwa vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Wanaouvuta kwanza si matajiri walio mbali. Ni wachuuzi wa stendi, watoto waendao shule kwa miguu, na dereva mwenyewe.

Moshi pia ni lugha ambayo fundi mzoefu huisoma. Ukiwa mweusi, dizeli ni nyingi kuliko hewa: huenda chujio cha hewa limeziba au nozeli zimechakaa. Mweupe unaodumu hata baada ya injini kupata moto huashiria dizeli isiyoungua, na wa samawati ni oili inayoungua kwa sababu ringi zimelika. Gari kuukuu lililotunzwa halifukizi njia nzima.

Mlima nao huongeza ugumu. Kwenye lango la Chogoria, takriban mita 2,950 juu ya usawa wa bahari, hewa ni pungufu kwa karibu asilimia 30 ikilinganishwa na pwani. Injini isiyo na taabo hupokea dizeli ileile kwa hewa haba, na matokeo ni wingu jeusi. Dereva mwerevu hushuka gia mapema badala ya kuikanyagia dizeli injini iliyolemewa.

Afueni fulani ilipatikana Januari 2015, Kenya ilipoanza kutumia dizeli isiyozidi sehemu 50 za salfa kwa kila milioni, kutoka 500 za awali. Lakini mafuta safi hayaponyi nozeli mbovu.

Sheria ya kuzuia magari yaliyopita umri wa miaka minane hulenga yanayoagizwa kutoka nje; haiyagusi yaliyomo nchini tayari. Kwa hivyo hatima ya magari haya imo mikononi mwa wenyewe. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na nozeli iliyopuuzwa leo ni injini nzima kesho, pamoja na kifua cha jirani. Anayedai kulipenda gari lake hana budi kulipima kwa kile linachotoa nyuma.