Pesa Inaposubiri Chakula: Malipo ya Programu za Mgahawa bila Kadi ya Benki

Programu nyingi za simu zinazomwezesha mtu kuagiza chakula mgahawani na kuletewa mlangoni zilibuniwa katika miji ambamo mteja wa kawaida hutembea na kadi ya benki, na kwa sababu hiyo utaratibu wake wa malipo ulijengwa juu ya kadi, pamoja na namba zake ndefu, tarehe ya mwisho wa matumizi na tarakimu za usalama zilizo nyuma yake. Zilipofika Nairobi na Dar es Salaam zilikuta hali nyingine, kwani M-Pesa, iliyoanzishwa na Safaricom nchini Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania kupitia Vodacom mwaka 2008, ilikuwa imekwisha kuwazoesha mamilioni ya watu kutuma na kupokea pesa kwa laini ya simu bila kukanyaga benki. Uber, iliyoanza kusafirisha abiria jijini Nairobi mwaka 2015, haikumaliza mwaka huo kabla ya kukubali pesa taslimu, na kampuni za kuleta chakula zilizoingia baadaye hazikuhitaji kufundishwa tena somo hilo.

Swali la msingi kwa mteja asiye na kadi ni nani anayeshika pesa wakati chakula kinapikwa na kubebwa. Mwenye kadi halioni swali hili kwa sababu kadi ina njia ya kati: benki inaweza kuzuia kiasi fulani katika akaunti ya mteja bila kukihamisha, kisha kikakatwa agizo linapokamilika, au kikaachiliwa linapofutwa. Pesa ya simu, kama inavyotumika katika maagizo ya kila siku, haina chumba hicho cha kungojea, bali ama imetoka ama haijatoka. Kwa hiyo lazima mmoja wa wahusika, yaani mteja, mgahawa au mwendesha bodaboda, abebe hatari ya kulipa kabla ya kupata, au ya kutoa kabla ya kulipwa.

Malipo ya taslimu mlangoni huiweka hatari hiyo kwa upande wa wanaouza. Mgahawa hupika kwa kuamini, na mteja akizima simu au akikana agizo, chakula hakiuziki tena. Mwendesha pikipiki hutembea na noti za watu asiowajua, tena usiku, na kila shilingi anayoipokea huandikwa kuwa deni lake kwa kampuni mpaka aiwasilishe au ikatwe katika malipo yake, ndiyo maana kampuni nyingi huweka kikomo cha taslimu anachoruhusiwa kushika kabla hajaacha kupewa maagizo yanayolipwa hivyo. Zaidi ya hayo kuna suala la chenji, ambalo laonekana dogo kwa aliye ofisini, lakini langoni pa nyumba, kwa mtu mwenye noti moja kubwa na mwingine asiye na sarafu, ndilo linalochelewesha agizo linalofuata. Machi 2020, janga la korona lilipoingia, Benki Kuu ya Kenya ilitangaza kuondolewa kwa makato ya miamala ya simu isiyozidi shilingi 1,000, kiwango ambacho mlo mmoja wa kawaida huweza kuingia ndani yake, na watu wengi wakapata sababu mbili za kuacha noti kwa wakati mmoja.

Njia iliyoenea zaidi nchini Kenya ni ombi la malipo linaloibuka lenyewe kwenye simu ya mteja, ambalo wenye biashara wamezoea kuliita STK, kifupisho cha jina la menyu iliyomo ndani ya laini ya simu. Mteja anapobonyeza kitufe cha kulipa, kompyuta za programu hupeleka kwa Safaricom namba ya simu, kiasi kinachodaiwa na namba ya biashara, na Safaricom nayo huitumia simu hiyo ujumbe unaotaja jina la mlipwaji na kiasi, pamoja na nafasi ya kuingiza namba ya siri. Jambo linalostahili kueleweka hapa ni kwamba namba ya siri haiandikwi ndani ya programu ya chakula, wala kampuni ya chakula haiioni, kwa kuwa huandikwa katika menyu ya laini na kusafiri ndani ya mtandao wa simu peke yake. Kwa upande huu mteja wa M-Pesa ana kinga ambayo mwenye kadi hana, kwani mwenye kadi huacha namba zake katika hifadhi za watu wengine. Kinga hiyo, hata hivyo, huvunjika pale mtu anapoingiza namba ya siri kwa ombi ambalo hakulianzisha yeye, au anapomtajia mtu aliyempigia simu akijidai kuwa mhudumu wa kampuni.

Tatizo linalowasumbua wateja mara nyingi zaidi ni la wakati. Baada ya pesa kuhama, Safaricom hurudisha taarifa kwa programu kwamba malipo yamekamilika, na taarifa hiyo ikichelewa kwa sababu ya mtandao, mteja huona kwenye skrini kwamba hajalipa ilhali salio lake limekwisha kupungua. Wengi hubonyeza tena na kulipa mara mbili. Ushahidi wa kutegemewa ni ujumbe mfupi wa M-Pesa wenye kumbukumbu ya herufi na tarakimu 10, wala si rangi ya kijani au nyekundu ya programu, na kumbukumbu hiyo ndiyo itakayoulizwa na mhudumu yeyote atakayeshughulikia malalamiko.

Pesa ikishalipwa mapema, hatari huwa imehamia kwa mteja, na hapo ndipo penye utata ambao kampuni haziuelezi kwa sauti. Mgahawa ukikosa samaki aliyeagizwa, au agizo likifutwa, programu nyingi hupenda kurudisha thamani kama salio la ndani, yaani kiasi kinachoweza kutumika tu katika agizo jingine la programu ileile. Salio hilo hufanana na salio la M-Pesa kwa macho, lakini kwa asili ni vitu viwili tofauti. Chini ya Sheria ya Mfumo wa Taifa wa Malipo ya Kenya ya mwaka 2011 na kanuni zilizoifuata, pesa ya wateja wa simu hutunzwa katika akaunti za amana katika benki, zikiwa zimetengwa na mali ya kampuni ya simu yenyewe, na Tanzania nayo ilipata sheria ya namna hiyo mwaka 2015. Salio la programu ya chakula ni ahadi ya mfanyabiashara, na wafanyabiashara hufunga maduka: Jumia iliondoka Tanzania mwaka 2019, kisha ikafunga huduma yake ya chakula katika nchi zote ilizokuwamo, Kenya na Uganda zikiwa miongoni mwake, mwishoni mwa mwaka 2023. Kwa hiyo ni busara kwa mteja kudai marejesho yaende kwenye namba ya simu iliyolipa.

Kadi pepe, ambayo ni namba za kadi zisizo na plastiki zinazotolewa na mtandao wa simu na kukata pesa moja kwa moja katika salio la mteja, kama ile ya Visa ambayo Safaricom iliizindua mwaka 2022, humfaa zaidi anayeagiza katika programu isiyotambua pesa ya simu kabisa, kwa mfano akiwa safarini nje ya nchi.

Jijini Dar es Salaam sehemu kubwa ya biashara hii hupita nje ya programu: mama lishe au mgahawa hupokea agizo kwa WhatsApp au Instagram, bodaboda hupeleka, na mteja hulipa kwa Lipa Namba, yaani namba ya mfanyabiashara inayopokea malipo kutoka mitandao mbalimbali. Hapa mteja aweza kufungua kifuko, akaona wali na maharage yake, ndipo akalipa, na hatari hurudi kwa mpishi. Kwa kuwa ujumbe wa malipo ulio kwenye simu ya mteja unaweza kughushiwa, mpishi makini hautazami huo, bali hungoja ujumbe ulioingia kwenye simu yake mwenyewe, na mpaka uingie, bodaboda haondoki.