Msikilize Shabaka kwa Masikio ya Litungu

Albamu ya tatu ya bendi ya Sons of Kemet, Your Queen Is a Reptile, iliyotoka mwaka 2018, ina vipande tisa, na kila kipande kimepewa jina la mwanamke mweusi ambaye mtunzi anamtawaza kuwa malkia wake. Yumo Harriet Tubman aliyewatorosha watumwa kule Marekani. Yumo Yaa Asantewaa aliyewaongoza Waasante kupigana na Waingereza mwaka 1900, na yumo Albertina Sisulu wa Afrika Kusini. Lakini anayetangulia wote ni Ada Eastmond, ambaye hakuongoza vita wala chama. Huyo ni nyanya wa mzazi wa mtunzi mwenyewe.

Mtunzi ni Shabaka Hutchings, mpiga saksafoni wa jazi aliyezaliwa London mwaka 1984 na kulelewa Barbados tangu akiwa na umri wa miaka sita. Albamu hiyo iliteuliwa kuwania tuzo ya Mercury, inayoheshimika sana katika muziki wa Uingereza, na wahakiki wa huko waliandika mengi kuhusu siasa zake. Mimi nilivutiwa kwanza na mpangilio wa majina. Aliyewahi kuketi mahali litungu, chombo cha nyuzi cha Wabukusu, linapopigwa, iwe Chwele, Kimilili au nyumbani kwa Wabukusu waliohamia Trans Nzoia, anaujua utaratibu huo. Mpigaji haingii moja kwa moja kwenye jambo lililomleta. Humtaja mwenye boma, akataja ukoo wake, akawataja waliomzaa na waliowazaa hao, na nyuzi zinaendelea kuzunguka palepale chini ya majina. Shabaka anafanya vivyo hivyo kwa saksafoni, na ndiyo maana naona msikilizaji wa Bungoma au Kitale amejiandaa kumwelewa kuliko anavyodhani.

Malalamiko ninayoyasikia mara nyingi ni kwamba jazi ni ngumu, haina wimbo wa kushika. Tatizo liko mahali tunapoanzia. Tumezoeshwa na redio kuanza na sauti ya juu: tunamtafuta mwimbaji, tukimkosa tunashika saksafoni na kuidai itupe wimbo. Kwa rekodi za Shabaka, hasa za Sons of Kemet, anza chini. Anza na ngoma na tuba, ukae hapo mpaka mguu wako ujue unakanyaga wapi, ndipo upande kwenye saksafoni.

Bendi hiyo ilikuwa na watu wanne tu: wapiga drams wawili, mpiga tuba mmoja na Shabaka. Hakuna gitaa wala kinanda, kwa hiyo hakuna chombo kinachoshikilia sauti tatu au nne kwa pamoja na kuutandikia wimbo mkeka, kama tulivyozoea katika rumba au kwaya. Kinachobaki ni mdundo na mistari miwili ya pumzi, mmoja mzito chini na mmoja mkali juu. Ukosefu huo wa gitaa na kinanda ndio unaomfanya mgeni ajione amepotea, na ndio uliomvuta mtu kama mimi niliyekulia kwenye ngoma.

Tuba yenyewe si ngeni kwetu. Jeshi la Wokovu lilianza kazi Kenya mwaka 1921, na bendi zake za matarumbeta zimepita katika barabara za Magharibi kwa vizazi kadhaa. Lile tarumbeta kubwa linalokumbatiwa kifuani, linaloshika sauti ya chini wakati wengine wanapeperusha pambio, ndilo hilo. Katika gwaride huwa linapiga hatua kwa hatua, kwa utii. Theon Cross, aliyelipiga kwenye albamu hii, halipi hata nafasi ya kupumzika. Analifanya kuwa besi ya rege, mara ngoma ya tatu, mara sauti inayomjibu Shabaka kwa ukali. Sikiliza kipande cha Ada Eastmond ukimfuata Theon peke yake kwanza. Utashangaa wimbo ulikuwapo muda wote, ila ulikuwa huko chini.

Hapa kuna jambo la kiufundi ambalo wengi hawaambiwi. Noti za chini za tuba hutetema chini ya mara 100 kwa sekunde. Spika ndogo ya simu haiwezi kusukuma hewa ya kutosha kwa mitetemo hiyo. Hudhoofika sana hata kabla ya kushuka chini ya 300. Ukiiweka albamu hii kwenye simu juu ya meza, umeondoa nusu ya bendi, na kilichobaki ni kelele za saksafoni na matoazi. Halafu unasema jazi ni kelele. Tumia vipokea sauti vya masikioni, au wufa ya sebuleni. Matatu ya kutoka Bungoma kwenda Kitale yenye spika nzuri itakupa tuba tamu kufika Kiminini kuliko simu ya bei ghali iliyolala mezani.

Sasa saksafoni. Chombo hiki kina kipande chembamba cha tete kinachotikisika mdomoni, na ulimi wa mpigaji ndio unaokikata na kukiachia. Wapigaji wengi hutumia ulimi kutenganisha maneno ya wimbo. Shabaka anautumia kama fimbo ya ngoma. Anachukua noti tatu au nne, anazikata kwa ulimi, anazirudia, kisha anasogeza mkazo kidogo: mara noti ya kwanza ndiyo nzito, mara ya tatu. Noti ni zilezile lakini mwili wako unaambiwa ugeuke. Alipokuwa kijana Barbados alikuwa akifanya mazoezi ya klarineti kwa kuifuatisha mistari ya marapa kama Nas na Notorious B.I.G., yaani alikuwa akiiga namna maneno yanavyoanguka juu ya mdundo. Mazoezi hayo unayasikia katika kila rekodi yake.

Linganisha na litungu. Nyuzi saba, kasha lililowambwa ngozi, vidole vya mikono yote miwili. Mzunguko mmoja ni mfupi, unamalizika kabla hujavuta pumzi, na mpigaji anaurudia kwa dakika nyingi. Msikilizaji wa nje husema hakuna kinachobadilika. Sisi tunajua kinachobadilika: uzi mmoja unacheleweshwa, mwingine unaachwa kimya, kidole gumba kinasisitiza mahali ambapo hakikusisitiza mwanzo, na maneno yanaupanda mzunguko kutoka upande mwingine. Utamu wote umo katika mabadiliko hayo madogo. Mtu anayeweza kulifuata litungu kwa nusu saa ana sikio linalohitajika kumfuata Shabaka kwa dakika sita.

Na kuhusu ngoma mbili kugongana, hebu tukumbuke Agosti ya mwaka unaogawanyika kwa mbili, msimu wa tohara ya Wabukusu. Kijana anazunguka kuwaalika jamaa zake akipiga chinyimba, kengele za chuma zinazogongwa kwenye bangili za chuma mikononi. Kengele zina mwendo wao, miguu ya wanaomsindikiza ina wake, na waimbaji wana wao. Ukihesabu tatu utaona inaingia, ukihesabu mbili nayo inaingia. Tatu na mbili zinaishi ndani ya muda mmoja bila moja kuifukuza nyingine. Wapiga drams wawili wa Sons of Kemet wanajenga nyumba yao juu ya mgongano huo huo. Mmoja akishika mbili, mwenzake anavuta kuelekea tatu, na saksafoni inaruka kutoka kwa huyu kwenda kwa yule. Kwa mwanafunzi wa chuo cha muziki wa Ulaya hilo ni somo la mihula kadhaa. Kijana wa Kabuchai aliyecheza nyuma ya chinyimba analo miguuni.

Si ajabu, ukifikiria Shabaka alikokulia. Barbados ni kisiwa kilichojengwa juu ya miwa na jasho la Waafrika waliopelekwa huko utumwani. Tamasha lake kubwa, Crop Over, linatokana na sherehe za kumaliza mavuno ya miwa, na kijana huyu alikulia ndani ya mdundo wa tamasha hilo na wa kalipso. Wasomaji wa upande wa Nzoia, ambako matrekta ya miwa yamekuwa sehemu ya maisha tangu kiwanda kilipoanza miaka ya 1970, hawahitaji kuelezwa jinsi miwa inavyotawala kalenda ya mtu. Neno Kemet katika jina la bendi nalo linarejea Misri ya kale, na wazee wa Kibukusu pia husimulia kwamba safari ya watu wao ilianzia Misri.

Kuna uzi mwingine unaotufikia kwa ukaribu zaidi, na huu unasahauliwa mno. Mmoja wa wapiga drams wa Sons of Kemet alikuwa Tom Skinner. Kabla bendi hiyo haijatoa albamu yake ya kwanza, Burn, mwaka 2013, Skinner alikuwa mmoja wa vijana wa London waliokuja Kenya kufanya kazi na Joseph Nyamungu, mpiga nyatiti, chombo cha nyuzi cha Waluo. Kikundi chao, Owiny Sigoma Band, kilitoa albamu mwaka 2011, nyingine mwaka 2013, na ya tatu, Nyanza, mwaka 2015. Nyatiti ina nyuzi nane, na mpigaji hugonga fremu yake kwa pete ya chuma iliyo kwenye kidole cha mguu, kwa hiyo mtu mmoja anakuwa mpiga nyuzi na mpiga ngoma kwa wakati mmoja. Mpiga drams anayeketi pembeni ya chombo kama hicho lazima ajifunze kutopiga kile ambacho pete inapiga tayari. Sikiliza Owiny Sigoma kwanza, kisha Burn. Ninaisikia nidhamu hiyo ya kuachia nafasi katika mikono ya Skinner, na ninaamini kwamba sehemu ya shule yake ilikuwa hapa Kenya. Jirani yetu nyatiti amepata heshima anayostahili. Litungu nalo linadai kikao kama hicho.

Shabaka amerekodi na makundi mengine. The Comet Is Coming, pamoja na mpiga sinthesaiza na mpiga drams, ni muziki wa kuchezwa usiku kwa sauti kubwa; wapo wanaoupenda kuliko yote, mimi hunichosha mapema. Lakini Shabaka and the Ancestors ni jambo lingine. Alikwenda Johannesburg, akakusanya wanamuziki wa huko, miongoni mwao mpiga tarumbeta Mandla Mlangeni, mpiga piano Nduduzo Makhathini na mwimbaji Siyabonga Mthembu, wakarekodi Wisdom of Elders kwa siku moja. Ilitoka mwaka 2016. Hapa saksafoni inapunguza ukali, kwa sababu yupo mwimbaji wa kuibeba sala. Anayetoka kwenye kwaya aanze na albamu hii.

Kisha Desemba 2023, akiwa katika kilele cha sifa, Shabaka aliiweka saksafoni chini. Onyesho la kuiaga, katika kanisa moja la mtaa wa Hackney, London, lilikuwa la kupiga A Love Supreme ya John Coltrane. Aligeukia filimbi, hasa shakuhachi ya Wajapani, inayotengenezwa kwa mwanzi. Albamu iliyofuata, Perceive Its Beauty, Acknowledge Its Grace, ya mwaka 2024, ilirekodiwa katika studio ya Rudy Van Gelder huko New Jersey, palepale Coltrane alipoirekodi A Love Supreme mwaka 1964.

Waliomfuata kwa ajili ya ngoma walisikitika. Mimi naiona hii kuwa rekodi yake iliyo karibu zaidi na sisi, kwa sababu drams zimepungua sana na nafasi yao katika vipande kadhaa imechukuliwa na vinubi vya Brandee Younger na Charles Overton. Nyuzi zinazunguka, pumzi inapita juu yake. Na kipande cha mwisho kinabebwa na sauti ya baba yake mzazi, Anum Iyapo, akisoma shairi. Aliyemtawaza nyanya wa mzazi wake mwaka 2018 sasa amemketisha baba yake ndani ya rekodi.

Namna ilivyorekodiwa ina faida kwa yeyote mwenye mzee anayepiga litungu nyumbani. Kwa kawaida studio humfungia kila mpigaji katika chumba chake, wakasikilizana kwa vipokea sauti, ili fundi aweze kurekebisha kosa la mmoja bila kugusa wengine. Shabaka aliwaweka wote katika chumba kimoja bila vipokea sauti. Mtu akitaka kumsikia mwenzake anapunguza sauti yake. Ndiyo maana rekodi hiyo ina utulivu ambao mashine haiwezi kuutengeneza baadaye.

Kwa hiyo ukitaka kumrekodi mzee, usimtenge na waimbaji wake wala na anayetikisa manyanga. Waache waketi walivyozoea. Chagua chumba chenye mapazia, makochi na mkeka, maana kuta tupu na bati hurudisha sauti ikavuruga nyuzi nyembamba. Simu usiishike mkononi. Iweke juu ya kiti, ikitazama kasha la litungu kwa mshazari, karibu kiasi cha urefu wa mkono, na anayetikisa manyanga asogee nyuma, kwa kuwa sauti kali huimeza laini. Zima simu zote nyingine. Usimsimamishe mzee baada ya dakika tatu kwa kudhani wimbo umekwisha kwa kuwa umeanza kujirudia. Mwache aendelee mpaka amalize kuwataja wote.