Bunduki kuukuu na iachwe na njaa yake

Majuzi nilikuwa nimekaa kwenye baraza ya karakana moja mjini Malindi nikisubiri gari langu litengenezwe. Kijana fundi wa vyuma, mikono yake imejaa grisi, alinisogelea, akaniamkia kwa adabu, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. "Mzee, eti ile bunduki ya zamani ya Mwingereza yaweza kugeuzwa ikala risasi za siku hizi?" Akaharakisha kusema kwamba yeye hana bunduki; amesikia tu watu wakibishana penye kahawa. Nilimjibu: "Yaweza, mwanangu, ila si kwa mkono wako wala katika karakana hii." Jibu hilo halikumtosha, na kusema kweli, mimi pia halikunitosha. Leo namjibu kwa marefu.

Kwanza ijulikane kwamba jambo hili si geni. Mwaka 1853 jeshi la Uingereza lilipokea bunduki ya Enfield, ambayo baruti na risasi vilishindiliwa kupitia mdomo wa mtutu. Miaka kumi na mitatu baadaye, mwaka 1866, Waingereza waliona ni hasara kuzitupa bunduki hizo zote. Wakaukata mtutu kwa nyuma na kuweka kifuniko cha chuma chenye bawaba, kwa ufundi uliobuniwa na Mmarekani Jacob Snider. Tangu hapo bunduki ile ile ikawa inakula risasi yenye ganda, ambayo wazee wetu waliiita kiasi, tena ikitiwa kwa nyuma. Askari aliyekuwa akifyatua mara tatu kwa dakika sasa aliweza kufyatua mara kumi. Ufaransa nayo iliigeuza Chassepot, iliyotumia risasi ya karatasi, ikawa Gras ya mwaka 1874 yenye risasi ya shaba.

Lakini ugeuzaji huo una mkia wake, na mkia huo ulitufikia sisi. Mwaka 1871 Uingereza ilipokea bunduki mpya kabisa ya Martini-Henry, na zile Snider zilizogeuzwa kwa gharama zikawa makapi. Makapi ya Ulaya yalitafuta soko, na soko mojawapo lilikuwa Unguja. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza huko, Euan-Smith, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikiingia barani kila mwaka kupitia pwani hii. Mkataba wa Brussels wa mwaka 1890 ulijaribu kuziba mwanya huo, lakini maji yalikuwa yamekwisha kumwagika.

Matokeo yake tuliyaona hapa hapa Kilifi. Mazrui waliong'olewa Mombasa mwaka 1837 walikuwa wamegawanyika, wengine wakafanya makao Gazi na wengine Takaungu. Liwali wa Takaungu, Salim bin Khamis, alipofariki mwaka 1895, Kampuni ya Uingereza ya Afrika Mashariki ilimtambua Rashid bin Salim kuwa mrithi, na sehemu ya ukoo ikakataa. Ugomvi wa kurithi mji mmoja ukageuka vita vya pwani nzima. Askari wa Kampuni walibeba Snider, zile zile Enfield zilizokatwa mtutu. Wapinzani wao nao hawakukosa bunduki, kwani biashara niliyoitaja ilikuwa imezitapanya kila mahali. Vita havikuisha hadi Aprili 1896, wakati Mbaruk bin Rashid wa Gazi alipovuka na watu wake kwenda upande wa Wajerumani. Ndipo tunapojifunza kwamba aliyeigeuza bunduki Uingereza hakujua wala hakujali itamlilia nani Takaungu.

Sasa nirudi kwa kijana wangu. Bunduki aliyoiulizia bila shaka ni Lee-Enfield ya risasi ya .303, ambayo wengi waliijua kwa jina la Mark Four, iliyobebwa kwa miaka mingi na askari wetu wa polisi na wa akiba. Risasi anayoitamani ni ile ya milimita 7.62 inayoliwa na G3. Ukizitazama kwa jicho tu utadhani ni ndugu wa tumbo moja, maana unene wake unakaribiana mno. Lakini ganda la .303 lina ukingo uliotokeza kwenye kitako, na la pili halina. Urefu hautofautiani tu, bali hata nguvu ya moto ndani ya chemba si moja: ile mpya ina msukumo mkubwa zaidi. Waingereza walipozigeuza Lee-Enfield kadhaa kwa risasi hiyo, hawakutia kitu kipya katika kitu cha zamani wakamwachia Mungu. Walibadilisha mtutu na sehemu nyingine muhimu, kisha wakazijaribu kwa vipimo maalumu. Wahindi wa kiwanda cha Ishapore waliitengeneza yao upya kwa chuma madhubuti zaidi. Anayeyafanya hayo kwa tupa na nyundo hatengenezi bunduki. Anatengeneza bomu na kuliegemeza shavuni pake.

Hata hivyo, hoja yangu kubwa si usalama wa huyo fundi. Tuseme amefaulu. Uingereza iliiacha .303 kuwa risasi ya kawaida ya jeshi katika miaka ya 1950, na nyingine nyingi zikafuata. Kwa hiyo kila mwaka unaopita bunduki kuukuu inazidi kukosa chakula, na njaa hiyo ndiyo inayoituliza. Yaweza kulala darini miaka arubaini pasi na kumdhuru mtu. Risasi ya 7.62, kinyume chake, bado inatengenezwa na kubebwa, hata kiwanda chetu cha serikali kilichoko Eldoret huitengeneza. Kumgeuzia bunduki tumbo ni kumwamsha mzee aliyelala na kumwonyesha ghala lililojaa. Silaha iliyokuwa imekufa pasipo amri ya serikali inafufuliwa kwa ufundi wa mtu mmoja.

Najua wako watakaonipinga. Mkulima wa kando ya Sabaki, ambaye viboko humlia mahindi usiku, ataniuliza nimpe nini badala yake. Swali lake ni la haki. Jibu ni kwamba sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inamtambua aliyeharibiwa mazao, aliyejeruhiwa na aliyefiwa, na kuagiza alipwe fidia. Ikiwa fidia inachelewa, tuipigie kelele mpaka ije. Kelele hizo ni bora kuliko mlio wa bunduki ambayo leo itamfukuza kiboko na kesho itaamua ugomvi wa shamba. Wahenga walisema mwana akililia wembe mpe, lakini wembe huu haumkati anayeulilia peke yake.

Sheria nayo iko wazi. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inadai kibali kwa kila mwenye bunduki. Itifaki ya Nairobi ya mwaka 2004 inazitaka nchi za eneo letu kuzitia alama silaha na kuziharibu zilizozidi. Novemba 2016 bunduki 5,250 ziliteketezwa Ngong kwa moto. Moto huo na uendelee kuwaka. Zile chache zenye historia, mathalani Snider ya zama za Takaungu, zitolewe uwezo wa kufyatua na kuwekwa makumbusho, watoto wetu wazitazame na kuambiwa kisa chake.

Kijana wangu wa Malindi, mikono yako ni ya thamani. Jahazi lina mtambo unaogoma, pampu ya kisima imekatika mkono, na baiskeli ya mwuza maji haina breki. Vigeuze hivyo vipate kazi mpya. Ile ya darini, iache na njaa yake mpaka ichukuliwe na wenye mamlaka, kwani mchimba kisima huingia mwenyewe.