Kufufua Gari Kuukuu: Lipi Kweli, Lipi Uongo?

Peugeot 504 ilishinda Safari Rally mwaka 1975 ikiendeshwa na Ove Andersson, ikarudia mwaka 1978 mikononi mwa Jean-Pierre Nicolas. Nje ya mashindano ilibeba abiria kutoka Nairobi kwenda miji ya bara, watu saba na mizigo juu, kwa miaka mingi. Waliokuwa watoto kwenye viti vya nyuma vya magari hayo leo ni watu wazima wenye kipato, na baadhi yao wameyanunua tena, sakafu zimeoza na kuku wametaga ndani, ili wayafufue wikiendi baada ya wikiendi. Wengine wameshika Datsun 1200, wengine Land Rover za Series III.

Naipenda kazi hii kwa dhati, na ndiyo maana inaniuma tunapoitetea kwa hoja dhaifu huku uchafu wake halisi ukipita chini ya miguu yetu. Wanaotulaumu nao mara nyingi wanalaumu pasipo penyewe. Basi tuyapime maneno yanayosikika gereji.

“Ukifufua gari la zamani unaokoa mazingira, maana jipya halikutengenezwa.”

Nusu kweli, na nusu yenyewe ni ndogo. Kutengeneza gari jipya la petroli hutoa tani kadhaa za hewa ukaa kabla halijawashwa hata mara moja. Makadirio mengi huangukia kati ya tani 5 na 10. Hoja ingekuwa nzito kama 504 yako ingechukua nafasi ya gari hilo. Lakini kwetu, mtu asiyefufua gari kwa kawaida hanunui jipya la kiwandani. Ananunua lililotumika Japani, ambalo chuma chake kilishayeyushwa miaka mingi nyuma. Tena mwenye mradi karibu kila mara ana gari jingine la kwendea kazini, kwa hiyo la zamani ni nyongeza.

Kinachomtetea hasa ni umbali. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa. Gari la mradi linalokunywa lita 12 kwa kilomita 100, likitembea kilomita 1,500 kwa mwaka, litatumia lita 180, yaani kilo 400 na ushee. Gari dogo la kisasa la lita 7 kwa kilomita 100, likienda kilomita 15,000, litatoa zaidi ya tani 2.4. Anayesema gari kuukuu la Jumapili linachafua hali ya hewa kuliko gari lake la kila siku hajapiga hesabu. Ila ukiligeuza hilo la zamani kuwa la kwendea kazini kila asubuhi, kwa umbali uleule wa kilomita 15,000, unavuka tani 4, na utetezi wote unakwisha.

“Kama halitoi moshi, ni safi.”

Si kweli. Moshi unasema mengi, na fundi mzuri huusoma: wa bluu ni oili inayoungua kwa sababu ya ringi au sili za vali, mweusi ni petroli nyingi kuliko hewa, mweupe usiokoma ni maji yanayoingia kwenye silinda, mara nyingi gasketi ya hedi imekwenda. Injini ya kabureta iliyotengenezwa vizuri haitoi hata mmoja kati ya hiyo. Lakini gesi zenye madhara hazionekani. Magari mapya ya petroli barani Ulaya yalilazimishwa kuwa na kichujio cha kemikali ndani ya bomba la moshi kuanzia mwaka 1993, kile ambacho mafundi wengi hukiita masega. Kikiwa kizima na kimepata moto, huondoa sehemu kubwa sana ya kaboni monoksidi na mabaki ya petroli ambayo haikuungua. Gari la mwaka 1974 halina kitu hicho. Kwa kila kilomita, linamwaga hewa mbaya mara nyingi zaidi kuliko gari la kisasa, hata likinguruma kwa utulivu.

Na hata likiwa limezimwa, petroli iliyobaki kwenye bakuli la kabureta huendelea kuyeyuka polepole, na mvuke wa tangi hutokea kwenye tundu la kupumulia. Harufu unayoisikia ukifungua banda asubuhi ni uchafuzi. Mipira mipya ya petroli na mfuniko wa tangi unaobana ni matengenezo ya bei nafuu yanayopunguza harufu hiyo, nayo hupunguza pia hatari ya moto.

Wanaong'oa injini ya zamani na kuweka ya kisasa hupunguza uchafu huo kwa kiasi kikubwa, mradi masega na sensa ya oksijeni vije pamoja na injini. Vikiachwa kwa sababu bomba halikuenea, au masega yakauzwa kwa ajili ya platinamu iliyomo, faida kubwa imetupwa.

“Injini za zamani haziwezi petroli isiyo na risasi.”

Uongo unaozeeka vibaya. Nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikubaliana mjini Dakar mwaka 2001 kuachana na petroli yenye risasi, na ilipoanza 2006 pampu zetu zilikuwa zimebadilika. Algeria ilikuwa ya mwisho duniani, mwaka 2021. Magari haya yameishi muda wote huo bila risasi. Kilicho kweli ni kwamba risasi ilikinga viti vya vali, na kwenye baadhi ya hedi za chuma cha kuyeyusha viti hivyo huliwa gari likikimbizwa sana. Dalili yake ni nafasi ya vali inayozidi kupungua kila ukiipima. Siku hedi itakapofunguliwa, mwambie fundi wa mashine aweke viti vigumu, na jambo hilo litakuwa limekwisha.

“Gari lililokaa halichakai.”

Si kweli kabisa. Petroli iliyokaa miezi hugeuka gundi na kuziba tundu za kabureta. Oili ya breki hunyonya unyevu wa hewa, ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hata kama gari halikutoka. Betri isiyochajiwa hufa. Mombasa, Tanga au Unguja, chumvi ya bahari haisubiri gari liendeshwe ndipo ile chuma. Matairi nayo hupasuka kwa umri: angalia tarakimu nne za mwisho ubavuni baada ya herufi DOT, mbili za wiki na mbili za mwaka, ujue limezaliwa lini.

Wengi huwasha injini dakika tano kila Jumamosi wakiamini wanaitunza. Dakika hizo zinatosha kutengeneza maji ndani ya oili na bomba la moshi, lakini hazitoshi kuyakausha. Liendeshe mpaka lipate moto sawasawa, au uliache.

“Gharama kubwa ni injini.”

Si kweli. Ni bodi. Injini ya 504 au ya Datsun hufunguliwa, hupimwa, hufungwa, na bei unaijua mapema. Kutu haina bei unayoijua mapema, kwa sababu huioni mpaka uanze kukata. Nenda kununua ukiwa na sumaku: isiposhika, chini ya rangi kuna puti, na chini ya puti huenda hakuna chuma.

“Oili chafu haipotei bure, ni dawa ya mchwa.”

Hapa ndipo ningependa kila mwenzangu asimame. Oili chafu hupakwa kwenye nguzo za uzio, humwagwa uani kutuliza vumbi, na inayobaki huingia mtaroni. Tumeizoea kiasi kwamba anayeikusanya ndiye anayeonekana wa ajabu. Oili iliyotoka kwenye injini ina metali zilizosagika na kemikali zinazosababisha kansa. Haiozi upesi, huzama na mvua, na katika mitaa mingi yetu kisima hakiko mbali na gereji.

Gari la mradi lina dhambi yake ya pekee hapa. Injini iliyofungwa upya hubadilishwa oili baada ya kilomita mia chache tu, kisha tena baada ya muda mfupi, na gari linalotembea kidogo hubadilishwa kwa mwaka, si kwa umbali. Kwa kila kilomita, sisi tunamwaga oili nyingi kuliko dereva wa teksi. Ongeza petroli na dizeli tunayooshea vipuri, vumbi la rangi za zamani zenye risasi tunapopiga msasa, na asbesto iliyomo kwenye breki za miaka hiyo, ambayo fundi huipuliza kwa kompresa ikaenda mapafuni mwake na mwa kijana anayemshikia spana. Vumbi la breki hizo lilowanishwe kwa maji na sabuni, kisha lifutwe likiwa bado limelowa.

Betri ndiyo nzito kuliko vyote. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwatia sumu ya risasi watu wa mtaa mzima, watoto wakiwamo. Phyllis Omido, ambaye mtoto wake aliathirika, alipigana kwa miaka, na mwaka 2020 mahakama jijini humo iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3. Betri unayomuuzia mpita njia kwa bei ya chakula cha mchana inaweza kuishia kuyeyushwa kwenye sufuria uani kwa mtu. Irudishe dukani unaponunua mpya. Oili ijaze kwenye dumu, filta uikamue humo humo, na umtafute mkusanyaji mwenye leseni. Viwanda vya saruji ni miongoni mwa vinavyoweza kuichoma kwenye tanuri zenye moto mkali.

“Mradi usioisha haumdhuru mtu.”

Si kweli, na hivyo ndivyo miradi mingi inavyoishia. Gari limefunguliwa, pesa zimekata, linakaa chini ya mwembe likidondosha oili, maji ya radieta na tindikali. Ukiona mwaka umepita bila kuligusa, toa betri, kamua kila kimiminika, weka vipuri kwenye maboksi yenye majina, kisha uliuze kwa mtu mwenye nafasi na muda. Kwenye maboksi hayo ndimo utakamotoka mlango, gia au kioo kitakachomaliza 504 ya mwingine.