"Shusha Kushoto": Lugha ya Msawazo katika Mashua ya Mashine

Mwanafunzi wa Kiboko, kama mwenzake yeyote wa Makueni au Kitui, hukariri methali isemayo "Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani", akaulizwa maana yake, naye akajibu vizuri. Lakini akiulizwa katika chombo tezi ni wapi na omo ni wapi, aghalabu hunyamaza. Hatumlaumu. Mto Kiboko, unaolishwa na chemchemi za vilima vya Chyulu, si mto wa kupita vyombo, na bahari iko mbali. Makala haya yanakusudia kueleza kifaa kimoja kidogo cha mashua ya mashine, yaani vibao vya msawazo, na kuonyesha kwamba ugumu wa kujifunza kukitumia ni, kwa sehemu kubwa, ugumu wa lugha.

Yafaa kwanza ieleweke kwamba mashua ndogo yenye mashine ya nguvu ina namna mbili za kwenda. Ikienda polepole hubebwa na maji kama ngalawa au jahazi. Mashine ikiongezwa nguvu, omo hunyanyuka na tezi hudidimia nyuma ya wimbi ambalo mashua yenyewe imelizua. Nguvu ikitosha, mashua hulipanda wimbi hilo na kuanza kuteleza juu ya maji. Hapo katikati, kabla ya kuteleza, ndipo penye dhiki: nahodha haoni mbele, mashine hunguruma na mafuta huteketea bure. Vibao vya msawazo viliundwa kwa ajili ya dhiki hiyo. Ni mabamba mawili ya chuma, moja kila upande, yaliyofungwa kwa bawaba kwenye ukingo wa chini wa tezi. Nahodha akibonyeza swichi, bamba huinama. Maji yanayokimbia chini ya mashua hulipiga na kulisukuma juu. Tezi hupanda, na kwa kuwa mashua ni kitu kimoja kisichopindika, omo hushuka.

Hadi hapa hakuna la kutatiza. Matatizo huanza mabamba yanapotumiwa moja moja. Bamba la kulia likiinamishwa, tezi hunyanyuka kwa upande wa kulia, na mashua huinamia mbele, upande wa kushoto. Kwa sababu hiyo watengenezaji wengi huziunganisha swichi kimsalaba: ya kushoto huendesha bamba la kulia, ili nahodha afikirie omo analoliona mbele yake, asifikirie bamba lililo nyuma, chini ya maji.

Mwandishi, aliyekulia Kiboko, alijifunza jambo hili kwa aibu. Tulikuwa nje ya mlango wa Mtwapa, abiria sita, na mashua ilikuwa imelalia kulia. Nahodha mzee aliyekuwa akinifunza alisema, "Shusha kushoto." Nilijua kwamba swichi zimepishana; basi nikajiona hodari, nikabonyeza ya kulia ili bamba la kushoto lishuke. Mashua ikazidi kulala, wimbi likaingia, na mama mmoja akaangukia ubavu wa chombo akaumia mkono. Mzee alipokwisha kuiweka sawa alisema, "Mwanangu, mimi sikutaja kibao. Nimetaja omo." Nami sikuwa nimemsikia akitaja lolote kati ya hayo mawili, kwa kuwa hakulitaja. Kitenzi "shusha" kilidai mtendwa, na kila mmoja wetu alijaza wake.

Haiwezi kusemwa kwamba Kiswahili kina upungufu hapa. Kinyume chake, huenda hakuna uwanja ambao lugha hii ni tajiri zaidi. Uzito unaowekwa chini ya chombo ili kisipinduke una jina lake, farumi. Ngalawa ina matengo yanayoshikwa na mirengu, ili isilalie upande. Upande upepo utokako ni joshi, uendako ni demani. Nayo methali "Dau la mnyonge haliendi joshi" hukaririwa bara na watu wasiojua kwamba joshi ni neno la upepo. Chombo kinachoyumba huku na huku huenda mrama, msemo ambao umehamia nchi kavu hata ukasahau maji. Katika mashua ndogo za Lamu zisizo na vibao, msawazo ungali kazi ya maneno: nahodha huwaambia abiria wasogee mbele, au mmoja ahamie upande wa pili, nao hutii.

Mtu wa Kiboko naye ana shule yake ya msawazo. Punda atokaye mtoni hubeba mitungi minne ya lita 20, miwili kila upande, yaani kilo 40 kwa 40. Mmoja ukivuja, shogi hupinda. Maarifa haya humsaidia mwanafunzi hatua moja, kisha humpotosha. Mzigo wa punda, kama farumi, hufanya kazi hata chombo kikiwa kimesimama. Kibao hakina uzito wa kutajwa. Nguvu yake yote ni mwendo wa maji, na mashua ikisimama hakifai kitu.

Kuhusu jina lenyewe, napendelea "kibao cha msawazo". Kutohoa neno la Kiingereza kungetupa "tabu", na za baharini zimetosha. Lakini jina si hoja kuu. Hoja ni amri. Napendekeza wakufunzi waache kusema "shusha" peke yake, waseme "inamisha omo kushoto" au "inua omo kulia", na kibao kitajwe pale tu kinapokaguliwa au kutengenezwa. Kadhalika "kushoto" kuwe kwa mtu anayetazama omo, kwa maana abiria wengine hukaa wakitazama tezi.

Mengine hujifunzwa kwa mkono. Bonyeza kidogo, uachie, ungoje sekunde chache, kwa sababu mashua hujibu kwa kuchelewa. Anayebonyeza mfululizo huvuka kipimo kabla hajakiona. Mawimbi yakitoka mbele, inamisha omo kiasi ili liyakate. Mashua ikilalia upande kwa sababu ya upepo au abiria, rekebisha upande mmoja tu. Mawimbi yakija kwa nyuma, pandisha vibao vyote viwili kabisa: omo lililoinamishwa huchimba mgongo wa wimbi la mbele, tezi husukumwa kando, na mashua huweza kugeuka ubavu au kupinduka. Vipandishe pia kabla ya kurudi kinyumenyume, maana maji yakivipiga kwa nyuma huweza kuvipinda.