Dripu Ishirini na Mbili

Jumamosi usiku, Oktoba 12, 2002, bomu lililipuka ndani ya baa ya Paddy's huko Kuta, katika kisiwa cha Bali nchini Indonesia. Muda mfupi baadaye gari lililosheheni vilipuzi likalipuka nje ya klabu ya Sari, ng'ambo ya barabara, na paa la nyasi likashika moto. Walikufa watu 202. Hospitali ya Sanglah mjini Denpasar ilielemewa, hata baadhi ya majeruhi wakatiwa kwenye mabwawa ya kuogelea ya hoteli ili maumivu yatulie.

Wapo wanaolicheka jambo hilo la mabwawa. Mimi silicheki. Maji ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20 yana faida kuliko dawa ya meno na ute wa yai tunaopakana huku kwetu. Ubaya wa bwawa ni uchafu na baridi, maana aliyeungua sehemu kubwa hupoteza joto upesi.

Hospitalini, kinachotazamwa kwanza ni koo. Ukiona masizi puani na sauti imekwaruza, mrija wa hewa uwekwe mapema, kabla uvimbe haujaziba njia. Kisha ndipo hesabu ya maji ya dripu inaanza. Kiganja cha mgonjwa mwenyewe, pamoja na vidole, ni karibu asilimia 1 ya ngozi yake. Mkono mzima ni 9, mguu mzima 18. Wekundu mtupu hauhesabiwi. Jumla ya asilimia iliyoungua unaizidisha kwa kilo zake, halafu kwa mililita 4. Mtu wa kilo 70 aliyeungua asilimia 40 anahitaji lita 11.2 kwa siku ya kwanza: dripu 22 za nusu lita, na ushei. Mishipa yake midogo inavuja, na asipojazwa maji figo zitazimika. Nusu ya maji hayo iingie katika saa 8 za mwanzo, zinazohesabiwa tangu alipoungua, si tangu alipofika mapokezi. Aliyechelewa njiani saa 5 amebakiwa na 3.

Hayo ni makadirio tu. Mwamuzi ni mkojo, ambao kwa mtu huyu usipungue mililita 35 kwa saa. Na bomu lina ukorofi wake: mapafu yaliyopigwa na wimbi la mlipuko hayapendi maji mengi, wakati ngozi iliyoungua inayadai.

Sasa wawe 30 wa namna hiyo. Ni dripu 672. Ulizeni stoo ya dawa ina ngapi Jumamosi usiku.

Kutoka Bali, ndege za jeshi la Australia ziliwabeba majeruhi hadi Darwin, yapata kilomita 1,800. Darwin haikuwang'ang'ania, iliwatuliza, kisha wakasambazwa miji mingine. Hospitali ya Royal Perth ilipokea 28, na huko Dkt. Fiona Wood na wenzake walitumia pia seli za ngozi ya mgonjwa mwenyewe, zikipulizwa juu ya kidonda.

Kusambaza huko kuna sababu. Wodi za moto hukadiria siku moja ya kitanda kwa kila asilimia iliyoungua; asilimia 40 ni siku 40 hivi. Bandeji nazo hubadilishwa kila baada ya siku chache, mara nyingi kwa dawa ya usingizi, na siku hiyo chumba cha upasuaji hakina nafasi ya mwenye henia aliyesubiri tangu mwezi uliopita.